Mizani ya mfukoni: nimeijaribu kwa shilingi za bibi

Habari za saa hizi wadau. Leo nipo nje, Capri Point hapa Mwanza, ziwa hilo nyuma yangu. Hii mizani ya dijitali nimeichukua Makoroboi, inasoma mpaka gramu 0.01. Mawe ya kuihakiki sina, nimekuja na kopo la sarafu za bibi.

Tuanze na mia tano, ile ya nyati iliyotoka 2014. Kiwandani ina gramu 9.5. Naweka… 9.47. Aah, 9.53. Sasa 9.44! Mnaona namba zinavyocheza? Upepo wa ziwa huo. Nikifunika kifuniko chake inatulia, 9.49. Kwa hiyo pimia ndani, na feni uzime.

Sasa hapa ndipo patamu. Hii ni shilingi ya Afrika Mashariki, ya enzi za mkoloni, yenye picha ya simba, mwaka 1922. Madini ya fedha ndani yake ni robo tu, asilimia 25. Ilizaliwa na gramu 7.78, leo inasoma 7.59. Kilichopungua kimebaki mifukoni mwa watu. Simba mwenyewe manyoya hana tena. Sasa hii nyingine, ya 1949. Simba yuleyule, upana uleule, uzito ni huohuo wa 7.8 hivi. Fedha? Hamna hata chembe! Kuanzia 1948 walitia shaba na nikeli, sura wakaiacha kama ilivyo. Mizani yangu hapo imekwama, na sumaku haishiki hata moja. Soma mwaka, basi. Ukiuziwa ya 1950 kwa bei ya fedha, umepigwa.

Kwa za kwetu sumaku inasaidia. Shilingi ya Nyerere ya 1966, yenye mwenge: haishiki, ni shaba na nikeli. Ya 1987: tap! Chuma ndani, nikeli juu. Hata mia yetu, na unjano wake wote ule, sumaku inaidaka.

Lawama yangu moja: mizani inajizima upesi mno, wewe bado unatafuta kalamu. Na nyie wauza dhahabu msije mkanilaumu. Ya biashara lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, hii ni ya kuchezea sarafu. Naipa saba kwa kumi. Betri za akiba hazimo kwenye boksi, mimi nilimbembeleza muuzaji akanipa. Nanyi bembelezeni.