Kukaa mezani kwa fundi wa dizaini Mwanza: unachopata, unachokosa

Ofisi nyingi za usanifu na uchapaji katikati ya jiji la Mwanza hupokea vijana wanaotaka kujifunza kazi. Ada ni ya mapatano, muda ni wiki chache hadi miezi kadhaa, na darasa lenyewe ni kiti kando ya fundi anayehudumia wateja. Tunaipa huduma hii alama za juu, kwa sababu fundi mzoefu humfundisha kijana kuanza kazi kutokea mwisho wake. Kijana hufungua kompyuta na kutafuta fonti nzuri. Fundi huuliza kwanza: "Hii itakaa wapi, na nani ataishika?"

Chukua pakiti ya dagaa wa kukaanga, kazi inayoletwa kila mara na wajasiriamali wanaonunua mzigo kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Dizaina mgeni atachora nembo ya samaki na kuichapa kwenye stika ya karatasi. Mafuta ya dagaa hupenya karatasi, gundi inaachia, wino unachuruzika mteja akishika kwa mikono mibichi. Fundi huchagua stika ya plastiki, na huagiza ibandikwe kwenye mfuko ungali mtupu na mkavu, maana mfuko ukishajazwa, mafuta ya vidole peke yake yanatosha kuharibu mshiko wa gundi. Juu ya mfuko huacha sentimita 1 hadi 1.5 bila maandishi, kwa kuwa hapo ndipo mashine ya joto inapoziba. Halafu kuna suala la dirisha la plastiki angavu: mnunuzi anataka kuwaona dagaa, lakini mwanga huharakisha mafuta kuchacha. Dirisha dogo upande wa chini, sehemu iliyobaki ikiwa imefunikwa rangi, ndilo suluhisho ambalo wengi hufikia.

Msimbo wa mistari, ule unaosomwa na kifaa cha dukani, nao huwaangusha vijana wengi. Ule wa EAN-13, wenye tarakimu 13, una upana wa milimita 37.29 na urefu wa 25.93 katika kipimo chake kamili, na haufai kupunguzwa chini ya asilimia 80. Pembeni uachiwe nafasi tupu. Usiuchape kwa mistari myekundu hata kama inapendana na nembo: vifaa vingi vya kusomea hutumia mwanga mwekundu, na mwanga huo huiona mistari hiyo kama nyeupe.

Jaribio tunalolipenda kuliko yote halihitaji programu yoyote. Chapa lebo kwa ukubwa wake halisi, ibandike kwenye pakiti ya kweli, iweke rafuni katikati ya nyingine, rudi nyuma mita 2. Mwite mtu ambaye hajaiona, umuulize kinauzwa nini hapo. Usimweleze chochote. Akisita, rudi mezani.

Upande wa rangi, ofisi zenye mashine zake zina faida kubwa, kwani kosa linaonekana palepale. Mteja wa huku hupenda bluu ya ziwa. Kwenye skrini inang'aa, kwenye karatasi inatoka zambarau. Chanzo ni wino wa sayani (bluu-kijani) na wa majenta (waridi iliyokolea) kuwa karibu sawa kwa kiwango. Ukiweka sayani asilimia 100, majenta isizidi 70, na pengo hilo la 30 ndilo linaloilinda bluu. Maandishi madogo meusi yachapwe kwa wino mweusi peke yake. Yakijengwa kwa wino zote nne (sayani, majenta, njano na nyeusi), karatasi ikisogea kidogo tu kila herufi inapata kivuli cha rangi ukingoni.

Kadi za harusi na za michango hufundisha karatasi. Karatasi ya gramu 300 kwa mita ya mraba ikikunjwa bila kupigwa mfuo (mstari wa kukunjia) kwanza hupasuka mgongoni, na kama pale pana rangi nzito, ufa mweupe unaonekana hata kwa mbali. Kipeperushi cha A5 ni milimita 148 kwa 210. Faili liandaliwe 154 kwa 216, yaani milimita 3 za ziada kila upande, ili kisu kikiyumba usibaki mstari mweupe. Picha yake iwe na pikseli (nukta za picha) 300 kwa inchi. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida imeshabanwa, hivyo mwambie mteja aitume kama faili.

Mabango ni rahisi zaidi. Herufi ya sentimita 10 husomeka vizuri kutoka mita 12 hivi. Kwa abiria wa daladala Barabara ya Kenyatta, jina, huduma na namba ya simu vinatosha.

Upungufu upo, na si mdogo. Usanifu wa programu za simu haufundishwi kwa kina katika ofisi za namna hii. Kazi zikibana, kijana hugeuzwa wa kukata stika siku nzima. Baya zaidi, baadhi ya mafundi huchukua picha za watu mtandaoni bila ruhusa, na mwanafunzi huona ndiyo desturi. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na nembo iliyoigwa inaweza kumkwamisha mteja anapotaka kuisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Fundi wa hivyo, hata awe na mkono mzuri kiasi gani, tunashauri umwache.

Kabla ya kulipa, omba kuona kazi moja kuanzia mchoro wa kwanza hadi iliyochapwa, pamoja na matoleo yaliyokataliwa. Anayeweza kusema kila toleo lilikataliwa kwa nini, huyo anaweza kukufundisha. Uliza pia kama utaruhusiwa kukaa anapozungumza na wateja. Ukikubaliwa, nenda na flashi yako na daftari la hesabu lenye miraba. Dizaina Mmarekani Susan Kare alichora alama za kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja kwa pikseli moja, 32 kwa 32, na zoezi hilo bado linafaa kwa nembo itakayokaa kwenye kizibo cha chupa.