Witri: kabla ya kulala au mwisho wa usiku?

Witri ni swala ya rakaa zisizogawanyika kwa mbili, inayofunga swala za usiku. Hadithi ya Jabir, sahaba wa Mtume (s.a.w.), aliyoipokea Imam Muslim, inagawa suala la wakati wake vizuri: anayechelea kutoamka aswali witri mwanzo wa usiku, na mwenye tamaa ya kuamka aiswali mwisho wake, kwani swala ya wakati huo hushuhudiwa, na hilo ni bora.

Kwa ubora, basi, mwisho wa usiku unashinda. Ndiyo theluthi ya mwisho ya usiku, ya dua na istighfari. Magharibi ikiingia saa 12:30 jioni na alfajiri saa 11:00, theluthi hiyo huanza saa 7:30 usiku, wala hulazimiki kuikesha yote. Robo saa kabla ya adhana inatosha.

Lakini kulala na witri shingoni kuna hatari yake. Abu Huraira aliusiwa na Mtume (s.a.w.) asilale kabla ya kuiswali, na imepokewa kuwa Abu Bakar aliitanguliza huku Umar akiichelewesha. Kwa hiyo anayewahi asidharauliwe. Mlinzi aliyetoka zamu, mama anayenyonyesha, dereva wa masafa: hawa, kwa maoni yangu, waiswali baada ya Isha wakalale kwa amani.

Na ukiamka ilhali umeshawitiri? Swali rakaa mbili mbili utakavyo, usirudie witri, maana hakuna witri mbili katika usiku mmoja. Wengi hudhani mlango umefungwa, wakajigeuza upande wa pili.