Deli la lita 50 kwa kambi ya wikiendi: uzoefu wangu wa kulipanga, na vitu vinavyokaa nje yake

Deli ninalolizungumzia, yaani boksi la kutunzia baridi, ni la plastiki, la bluu lenye mfuniko mweupe, mpini wa kuvuta na magurudumu mawili, aina inayojaa kwenye maduka ya vyombo Kariakoo. Bei siandiki, maana pale inategemea wewe umeamkaje na muuzaji kaamkaje. Nalitumia kwa kambi za usiku mbili nje ya Dar, watu wanne, zaidi kwenye hifadhi ya Mikumi. Nalipatia alama 7 kati ya 10, na karibu alama zote tatu zilizopungua zimepotelea kwenye mfuniko.

Kuta zake hazina tatizo. Ukitaka kuhakikisha kabla ya kulipa, chomoa kizibo cha chini cha kutolea maji, ingiza njiti ya kiberiti au kalamu kwenye tundu, pima unene wa ukuta. Hili lina sentimita mbili na nusu za povu gumu, zinazotosha kwa kazi ya wikiendi. Kisha gonga ukuta kwa kidole, ugonge na mfuniko. Ukuta unatoa sauti nzito iliyoshiba. Mfuniko unalia kama debe tupu. Ndani yake hakuna povu, kuna hewa tu kati ya plastiki mbili. Madeli mengi ya bei ya kati yako hivi, na muuzaji hatakwambia.

Dawa yake ni rahisi. Chukua lile povu jeupe linalokuja kwenye boksi la TV au friji, kata kipande kinachoingia ndani ya mdomo wa deli kwa kubana kidogo, unene wa sentimita mbili, ukizungushie plasta pana ya gundi pembeni lisimeguke na kuangukia chakula. Linakaa juu ya chakula, chini ya mfuniko. Kasoro nyingine ya mfuniko ni kwamba haubani sawasawa. Weka kipande cha karatasi ya daftari ukingoni, funga, vuta: ikitoka bila kukwama, hewa ya joto nayo inaingia bila kukwama. Mpira wa kufungia mizigo, ule wa bodaboda unaokatwa kwenye tyubu, ukizungushwa mara mbili unamaliza tatizo. Pia unazipunguzia mzigo bawaba za plastiki, ambazo ndizo huvunjika kwanza.

Kuhusu ukubwa: maandishi ubavuni yanasema lita 50. Vipimo vya ndani ni urefu sentimita 45, upana 28, kina 35, yaani lita 44. Mimina dumu mbili za lita 20 na utaona nafasi iliyobaki ni ndogo. Lakini vipimo hivyo vina manufaa yake, kwa sababu chupa ya maji ya lita moja na nusu ina urefu wa kama sentimita 32 na unene wa kama 9. Deli hili linapokea chupa tisa kama vile lilichongwa kwa ajili yake: tatu zimelala chini, tatu zimesimama upande mmoja, tatu zimelala juu. Katikati inabaki nafasi ya lita kama 15 ya chakula.

Kwa nini chupa na si barafu ya kumwaga? Barafu ya kumwaga inapoyeyuka inageuka maji, na maji hayo yanaingia kwenye kila kopo lisilofungwa vizuri. Barafu ya Feri, soko la samaki la Dar, ni nyingi na inapoza kweli, ila ni ya wavuvi, ya kazi ya samaki. Usiiweke mahali inapogusa chakula kilichopikwa au vinywaji. Chupa haivuji, na ikishayeyuka ni maji ya kunywa.

Jaza chupa hadi mabegani tu. Maji yakiganda yanaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na chupa iliyojaa hadi shingoni inapasuka au inavimba kitako isilale vizuri. Friza ya nyumbani haiwezi kugandisha chupa tisa za uvuguvugu kwa usiku mmoja. Zikiingia zote kwa pamoja, saa 24 zikipita utakuta ganda la barafu nje na maji katikati, na chupa ya namna hiyo haifiki popote. Anza siku tatu kabla, tatu kwa tatu, na kama mtaa wenu umeme hukatika, ongeza siku moja. Kuhakikisha kama imeganda mpaka ndani, itikise karibu na sikio.

Mbili kati ya tisa natia chumvi, gramu kama 50 kila moja, yaani vijiko vitatu vya chakula visivyo na kilima, nakoroga kabla ya kugandisha. Hizi zinayeyukia chini kidogo ya sifuri, kwa hiyo nyama iliyolala juu yake inabaki imeganda muda mrefu zaidi. Watu hudhani chumvi inafanya barafu idumu. Haifanyi hivyo, inaifanya iwe baridi zaidi tu. Zifunge uzi mwekundu shingoni, la sivyo mtu mwenye kiu atazinywa saa nane mchana na mtamsikia.

Hesabu ya barafu yenyewe iko hivi. Kilo moja ya barafu ya nyuzi 0 inameza kilojuli 334 mpaka iyeyuke yote, bila joto lake kupanda hata nyuzi moja. Joto hilohilo lingeyapandisha maji ya kilo moja kutoka 0 hadi karibu nyuzi 80. Ndiyo maana barafu iliyoganda kamili ina thamani kuliko maji baridi, hata yawe baridi namna gani. Chupa tisa zilizojazwa hadi mabegani zinakupa kilo 12 za barafu. Kwa ukuta wa unene huu, na joto la nje la nyuzi 30 na kitu, hiyo ni akiba ya siku mbili kasoro. Ukiondoka Ijumaa alfajiri, Jumamosi usiku bado uko salama chini ya nyuzi 5. Jumapili asubuhi chupa za juu zimeshakuwa maji, za chini zina vipande. Kwa hiyo nyama mbichi isifike Jumapili.

Kabla ya kupanga, poza deli lenyewe. Deli lililoshinda stoo au kwenye buti limebeba joto kwenye kuta zake, na chupa za kwanza zitapotea kwa kulipoza hilo. Alhamisi jioni weka ndani chupa mbili za barafu za ziada, funga, uziondoe wakati wa kupanga usiku.

Sasa chakula. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na kwa kazi hii wala haihitajiki: makopo ya aiskrimu ya lita mbili yenye mfuniko yanakaa vizuri zaidi na hayavuji. Kila kopo ni mlo mmoja, limeandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito: "IJUMAA USIKU – SAMAKI", "JUMAMOSI USIKU – NYAMA". Cha mwisho kuliwa kinaanza kuingia. Chini kabisa, juu ya chupa za chumvi, nyama ya Jumamosi, kilo moja na robo, imekatwa, imetiwa tangawizi na kitunguu saumu, imeganda. Pembeni yake kuku wa Jumamosi mchana. Juu yake maharage yaliyochemshwa na kugandishwa nyumbani, kilo moja kabla ya kupikwa. Haya yanaokoa gesi na maji, na yakiwa yameganda yenyewe ni barafu. Samaki wa Ijumaa juu, ndani ya kopo linalofunga kweli. Akitoka Feri atolewe matumbo na mashavu palepale, apigwe chumvi kidogo. Ndimu usimtie mpaka mfike kambini, maana akilala kwenye ndimu siku nzima minofu inalegea na kumeguka kwenye wavu. Siagi na soseji za asubuhi, juu kabisa. Mwanya wowote unaobaki ujaze kwa vipakiti vya juisi vilivyoganda. Hewa tupu ndani ya deli ni joto linalosubiri kuingia.

Usisahau zile chupa tatu za juu. Baridi hushuka, haipandi, na deli lenye barafu chini pekee lina siagi iliyoyeyuka juu.

Soda na maji ya kunywa baridi haviingii humu hata kwa dawa. Kinywaji hufanya deli lifunguliwe kila robo saa. Boksi la povu jeupe la bei rahisi linatosha kwa hayo, na barafu ya kumwaga ndiyo kazi yake hapo. Deli la chakula linafunguliwa mara moja kwa kila mlo, vyote vya mlo huo vinatoka kwa mkupuo. Gundisha karatasi juu ya mfuniko yenye mpangilio wa kila tabaka, ili mpishi asipekue.

Kwenye gari liingie mwisho, mahali ambapo jua la kioo cha nyuma halilipigi, lifunikwe blanketi zito. Si kwenye keria. Chakula cha njiani kiwe kwenye kikapu chake, mihogo, mayai ya kuchemsha, chapati, ili pasiwepo sababu ya kufungua deli kabla ya kufika. Dar hadi Mikumi ni kilomita karibu 300, na kwa malori ya Chalinze huwezi kukadiria saa. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri.

Vinavyokaa nje ya deli ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Mayai hayahitaji barafu. Yafukie kwenye mchele ndani ya ndoo. Maziwa chukua ya boksi yanayokaa bila friji. Mchicha na matembele usinunue Dar kabisa, yanafika yamenyauka, nunua Morogoro. Nyanya chukua zilizoiva nusu, kwenye sado, si kwenye mfuko. Kabichi, karoti na hoho hazina neno. Nazi ukibeba nzima utahitaji na mbuzi ya kukunia, kwa hiyo beba tui la pakiti.

Vya kavu vyote naweka kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana: unga wa sembe kilo mbili, mchele kilo moja na nusu, sukari nusu, chumvi, majani ya chai, mafuta nusu lita, viungo, viberiti viwili katika makopo tofauti. Mabegi na maboksi ya karatasi hayafai. Nyani wa Mikumi anachana boksi wakati wewe unageuka kuchukua kijiko, na sisimizi hawahitaji hata hilo. Ndoo ikishapungua ndiyo beseni la kuoshea vyombo. Na deli usiliache nje usiku hata likiwa na mpira, lirudishe garini.

Maji: lita nne kwa mtu kwa siku ya kunywa na chai, lita 40 kwa wanne kwa siku mbili na nusu, dumu jingine la 20 la kupikia na kuosha. Hizo ni kilo 60 garini, zikae chini na mbele, si juu ya mizigo. Zile chupa saba zisizo na chumvi zikiyeyuka zinakuongezea lita tisa na kidogo. Maji ya bomba la kambini yatumie kuosha. Ukitaka kuyanywa yatibu kwa vidonge, soma pakiti, vingi ni kimoja kwa lita 20 na kusubiri nusu saa.

Jiko: mtungi wa kilo 6 wenye kichwa cha kufungia juu. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma cha shingo. Pima kwenye mzani wa dukani, toa, utajua gesi iliyobaki. Kichwa kimoja kikiwa wazi kabisa kinakula kati ya gramu 150 na 200 kwa saa, hivyo kilo mbili zinatosha wikiendi na kubaki. Safarini funga valvu kwanza, kisha toa kichwa ukiweke pembeni, mtungi usimame. Ukifika, paka povu la sabuni kwenye kiungo kabla ya kuwasha. Upepo kinga kwa bati upande mmoja tu. Ukiuzungushia mtungi mzima, joto linarudi kwenye valvu. Mkaa beba mfuko mdogo kwa ajili ya samaki, maana kuokota kuni ndani ya hifadhi hairuhusiwi. Getini hawapokei taslimu, kwa hiyo malipo yaandae kabla.

Kwa hao watu wanne deli moja linatosha. Kwa usiku wa tatu usinunue kubwa zaidi: kwenye usiku wa pili tafuta duka lenye friza mji wa Mikumi ununue maji yaliyoganda, ubadilishe chupa za juu. Magurudumu yasahau, kwenye mchanga na changarawe yanakokotwa tu, mbebe wawili.

Ukirudi, lioshe kwa maji ya sabuni ya vuguvugu, kisha siki kwa harufu ya samaki. Chomoa kizibo, toa ule mpira mdogo wa duara, uoshe na ukauke peke yake. Ute wa samaki hujificha nyuma ya mpira huo, na ndiko harufu inakorudia kila mara. Lihifadhi likiwa wazi kidogo, kipande cha mkaa ndani, na mpira wa akiba umegundishwa kwa plasta chini ya mfuniko.