Uzoefu wangu: miwani ya uhalisia pepe kwenye mafunzo ya moto, Kibirizi

Natunza stoo ya mizigo Kibirizi, hapa Kigoma. Humo mna madumu ya mawese, magunia ya mahindi, magodoro, na mara nyingine petroli ya injini za boti. Mitungi ya kuzimia moto imening'inia ukutani miaka yote, na semina za usalama nimehudhuria, lakini mpaka mwezi uliopita sikuwahi kuchomoa pini hata siku moja.

Safari hii mkufunzi alikuja na miwani inayofunika macho yote, haina waya, uzito kama nusu kilo. Ukiivaa, Kibirizi inapotea. Nikajikuta ndani ya ghala, pipa linawaka, moshi unatanda darini. Mkononi nina rimoti, ila machoni ni mtungi. Nikaelekeza kwenye ndimi za moto, nikabonyeza. Wapi! "Dada, lenga chini, kwenye shina la moto," nikamsikia mkufunzi. Nikalenga chini, nikapeleka mpira huku na huku kama ninafagia, ukazima.

Raundi ya pili ndiyo iliyonifunza. Moto ulinizidi, nikageuka nikimbie, kumbe mlango uko ng'ambo ya moto. Nilijua kabisa kuwa nimesimama kwenye sakafu yangu mwenyewe, lakini magoti yalilegea. Semina zote zile zilisema tuache mlango nyuma yetu. Mwili wangu ulielewa siku hiyo.

Kisha, humohumo kwenye miwani, likaja zoezi la mafuta ya kula yanayowaka. Mzee mmoja wa makuli alichota ndoo ya maji akamwaga, miali ikaruka mpaka kwenye paa. Maji ni mazito kuliko mafuta: yanazama, yanageuka mvuke ghafla, na mvuke unarusha mafuta yanayowaka. Sisi tumekulia kwenye mawese, na bado jikoni mkono unakimbilia maji. Hilo peke yake linastahili siku nzima ya mafunzo.

Mwishoni walifungua kamera za miwani. Nikaiona stoo yangu yenyewe, na moto umechorwa juu ya magunia yangu, karibu na swichi. Hapo nilinyamaza.

Kasoro zipo. Joto hulisikii, moshi haukuwashi koo, na rimoti ni nyepesi mno. Mtungi halisi wa poda wa kilo 6 ukiwa umejaa unapita kilo 8, na poda yake inaisha ndani ya nusu dakika. Kwenye miwani nilipuliza mpaka nikachoka. Wenzangu wawili walishikwa na kizunguzungu, kwa kuwa macho yanasema unatembea na mwili unasema umesimama. Waliketi, wakapumzika, wakawa sawa. Linaloniudhi zaidi ni lugha: sauti na maandishi yote ni Kiingereza. Kuli anayesubiri kutafsiriwa "toka nje" hajafunzwa kutoka nje. Waliotengeneza programu hii waiwekee Kiswahili, tafadhali.

Ningeichukua tena? Ndiyo, kwa sharti kila mtu apulize mtungi halisi uani siku hiyohiyo. Sisi tulipuliza mmoja tu, akashika msimamizi.

Madumu yaliyokuwa mlangoni nimeshayahamisha, na 114, namba ya Zimamoto, nimeiandika kwa rangi nyekundu juu ya swichi.