Barakoa ya Shilingi 650 Iliyoniangusha Nikiwa Juu ya Bembea

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Nilinunua barakoa nyeusi ya kitambaa laini kinachovutika, katika duka moja la vifaa vya michezo hapa Kisumu, kwa shilingi 650, kwa kuwa nilihakikishiwa kwamba imetengenezwa mahususi kwa ajili ya joto. Ilinifaa kwa muda wa saa moja hivi. Yeyote anayefikiria kuinunua ili aende nayo kwenye bustani ya bembea siku ya jua kali, namsihi asome kwanza yaliyonipata.

Najua wapo watakaouliza barakoa ni za nini siku hizi, ilhali amri ya kuzivaa tukiwa nje iliondolewa Machi 2022. Mimi nina pumu tangu utotoni, na adui yangu mkubwa ni vumbi. Tena si mgeni wa barakoa. Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021 nilisimama mbele ya darasa nikiwa nimeivaa kutwa nzima, nikifundisha kwa sauti, na kifua changu kilitulia kuliko miaka yote iliyotangulia. Tangu hapo sijawahi kwenda mahali penye vumbi bila kufunika pua. Sasa wapwa zangu wanapokuja likizo hawana habari na kitu kingine isipokuwa bembea, na bustani niliyowapeleka, nje kidogo ya mji, ina uwanja wa murram ambao wakati wa kiangazi hutifuka vumbi kila gari linapoingia. Nilihitaji barakoa ambayo ningeweza kukaa nayo juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Hilo ndilo nililomweleza muuzaji, neno kwa neno.

Nilimuuliza hivi: “Mwanangu, hii itastahimili jasho?” Akanijibu huku macho yake yakiwa kwenye simu: “Mama, hii ni hariri ya barafu. Hata ukikimbia marathoni utasikia baridi tu.” Sikuruhusiwa kuijaribu, na hilo sikulilalamikia, kwa maana kitu cha mdomoni hakifai kujaribiwa na kila anayepita. Niliishika mkononi, nikaisikia ya baridi kweli, nikalipa kwa M-Pesa, nikaondoka nikiwa na furaha. Nilipofika nyumbani ndipo nikavaa miwani na kusoma maandishi madogo yaliyokuwa nyuma ya pakiti. Ilikuwa nailoni na spandeksi. Hapakuwa na hariri hata uzi mmoja.

Hata hivyo lazima niseme ukweli wote. Siku ya safari, tangu tulipopanda tuktuk hadi tulipokata tiketi langoni, sijawahi kuvaa barakoa iliyonikalia vizuri namna ile. Ile ya bluu ya duka la dawa hunikwaruza juu ya mashavu, na ile ya kitenge cha tabaka tatu niliyobaki nayo tangu wakati wa korona hunifanya nijione kama niliyefunikwa blanketi usoni. Hii ya nailoni ilikuwa nyepesi mno hata nikawa naigusa kuhakikisha kwamba bado ipo. Kama ningeandika maoni yangu saa tano ya siku hiyo, ningeipa nyota tano na kuwahimiza dada zangu wote wainunue.

Lakini saa tano na nusu jasho lilianza. Asiyeishi Kisumu huenda asielewe ninachokisema. Nilifundisha Nakuru kwa miaka kadhaa, na kule vumbi lipo kwa wingi, lakini mji ule uko juu, takriban mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake hukausha jasho kabla halijakusumbua. Kisumu iko chini zaidi, kando ya ziwa, na hewa yake ina unyevu, kwa hiyo jasho likishatoka hubaki pale pale lilipo. Kitambaa kile kililowa kwanza juu ya mdomo, kisha puani, na kikishalowa hakikuwa kitambaa tena. Kila nilipovuta pumzi kilinasa kwenye matundu ya pua kama karatasi ya plastiki, na nilipoitoa pumzi kikajaa kama kibofu. Miwani ikaingia ukungu, kwa kuwa barakoa hiyo haina waya wa kubana juu ya pua. Nikawa naivuta mbele kwa vidole viwili ili nipate nafasi ya kupumua.

Hayo yote ningeyavumilia. Nisichoweza kusamehe ni vitanzi vya masikio. Havikushonewa lastiki, bali vimekatwa kutoka kitambaa kile kile cha barakoa, kipande kimoja kuanzia sikio hadi sikio. Vikiwa vikavu hushika vizuri. Vikilowa hulegea, na barakoa huanza kuteremka polepole, kwanza chini ya ncha ya pua, halafu hadi juu ya mdomo. Tulipokuwa kwenye foleni ya ile bembea kubwa yenye umbo la meli, nilihesabu, na nilikuwa naipandisha kila baada ya dakika mbili, wakati mwingine kabla ya hapo.

Mlinzi wa bembea ile aliagiza mizigo yote ibaki chini, naye alikuwa sahihi. Nikauacha mkoba wangu, na ndani yake mlikuwa na pampu yangu ya pumu, ile ya bluu. Nilikaa na mpwa wangu wa miaka minane, tukashusha chuma cha kujishikilia, na meli ikaanza kwenda mbele na kurudi nyuma. Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye chuma. Ilipopanda mara ya tatu au ya nne barakoa ikaniteleza yote hadi kidevuni, na wakati huo huo basi lililobeba wanafunzi lilikuwa likiingia uwanjani, vumbi likaja juu kama moshi. Sikuweza kuachilia chuma ili niipandishe. Nikafumba mdomo na kujaribu kupumua kidogo kidogo, lakini kifua kilikuwa kimeshaanza kubana na kupiga filimbi. Mtoto akanigeukia, akaisikia sauti ile anayoijua, akaniuliza: “Shangazi, pampu iko wapi?” Ilikuwa chini, ndani ya mkoba, nasi tulikuwa hewani. Alinishika mkono kwa vidole vyake vyote hadi meli iliposimama, kisha akakimbia kuniletea mkoba kabla sijateremka kwenye kiti. Nilivuta dawa mara mbili, nikakaa chini ya mwembe karibu nusu saa, na bembea zilizobaki sikuzipanda.

Baadaye nilikumbuka jambo nililolisoma wakati wa korona, ambalo sikulitilia maanani. Bustani za Walt Disney World kule Florida, ambako joto la Julai si mchezo, zilipofunguliwa tena Julai 2020, ziliwataka wageni wavae barakoa zenye angalau tabaka mbili za kitambaa kinachopitisha hewa, zinazofungwa kwa kamba au vitanzi ili mgeni asilazimike kuishikilia kwa mkono. Zile zenye vali, yaani kitundu cha kutolea pumzi, na zile za mviringo zinazovaliwa shingoni na kupandishwa usoni, hazikuruhusiwa kabisa. Mtu aliyeandika sharti la mikono kuwa huru alikuwa anaijua bembea. Barakoa inayohitaji mkono mmoja wa kuishikilia haifai mahali ambapo mikono yote miwili ina kazi, hata ikiwa laini namna gani.

Kufikia hapo nilikuwa nimeudhika tu, wala sikuwa na hasira. Hasira ilikuja siku mbili tatu baadaye, niliporudi dukani nikiwa na barakoa iliyofuliwa, pakiti yake na risiti. Sikwenda kugombana. Nilikwenda nikiwa na pendekezo, maana nilidhani mwenye duka angefurahi kujua kwamba bidhaa yake ina kasoro kwenye vitanzi, na kwamba kushonea lastiki tu kungeitibu. Nilimweleza kijana yule yule yote yaliyotokea, pamoja na habari za pumu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaigeuzageuza barakoa kwa kidole kimoja kama kitu kilichookotwa, kisha akasema kwa sauti ya kusikika dukani kote: “Kwani mama, wewe unatoka jasho namna gani?”

Wateja wawili waliokuwa wakichagua viatu wakacheka. Yeye akacheka nao. Halafu akanionyesha kwa kidevu maandishi yaliyobandikwa ukutani, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, akarudi kwenye simu yake.

Nimefundisha watoto wa rika la kijana yule, na sijawahi kumcheka hata mmoja kwa sababu ya mwili wake. Kutoka jasho katika mji huu si aibu. Wavuvi wa Dunga hutoka jasho, mama wanaokaanga samaki kando ya ziwa hutoka jasho, hata yeye mwenyewe alikuwa na feni mezani iliyoelekezwa shingoni mwake. Nilimuuliza swali la jasho kabla ya kulipa, akanijibu kwa uhakika, akapokea pesa zangu, kisha jasho lile lile akaligeuza kosa langu. Kama asingejua jibu, angesema hajui, nami ningenunua au nisingenunua kwa hiari yangu. Nilipotoka pale ile nyota moja niliyokusudia kuipa barakoa hii niliiondoa, na ninapoyaandika haya bado sijairudisha.

Wifi yangu anasema namkomoa muuzaji kwa kuiponda bidhaa. Yeye alinunua ya aina hiyo hiyo mahali pengine, huivaa akiwa kwenye bodaboda asubuhi, na hajawahi kuona ikimteleza. Sibishani naye. Havai miwani, uso wake ni mwembamba kuliko wangu, na safari yake ni ya dakika ishirini kabla jua halijapanda. Kwa matumizi kama hayo nadhani barakoa hii inafaa, tena inafaa kuliko nyingine nyingi. Lakini hakuna anayekwenda bustani ya bembea kwa dakika ishirini.

Kilichonisaidia mwishowe hakikutoka dukani. Niliichukua barakoa ile hadi soko la Kibuye, kwa mama mmoja fundi wa cherehani, nikamsimulia yote, vitanzi, ukungu wa miwani, na kitambaa kunasa puani. Hakucheka. Aliniuliza jambo ambalo kijana wa dukani hakuwahi kuniuliza, kwamba huwa navaa miwani juu ya barakoa au chini yake. Kisha akaniambia kitambaa chenyewe si kibaya, kibaya ni jinsi kilivyokatwa. Akaivunja ile ya shilingi 650 kwa mkasi, akautumia upande wake laini kuwa tabaka la ndani la barakoa mbili, na nje akaweka pamba nyepesi iliyoshonwa kwa marinda matatu, ili inapovaliwa isimame mbali kidogo na midomo. Juu ya pua akaingiza kipande cha waya mwembamba. Badala ya vitanzi akashona kamba mbili, moja ya kufunga kisogoni na nyingine shingoni. Alinitoza shilingi 150 kwa kila moja.

Tulirudi kwenye bustani ile ile kabla wapwa hawajarejea kwao. Sitadai kwamba barakoa mpya haikulowa, kwa sababu ililowa baada ya kama saa mbili, kama itakavyolowa yoyote katika joto hili. Ila kwa sababu ya marinda haikuninasa puani, na nilipoivua kuivaa ya pili iliyokuwa kavu ndani ya mfuko safi, kifua kilikuwa kimya. Najua kitambaa hakizuii vumbi laini kama zinavyozuia zile za N95, lakini hizo nimezijaribu juani, na kwangu mimi kupumua ndani yake huku natembea ni kazi kubwa mno. Tuliipanda ile meli tena, mimi na mtoto yule yule. Safari hii pampu ilikuwa mfukoni mwa gauni langu, kwenye mfuko wenye zipu, na barakoa haikusogea hata meli iliposimama wima kule juu.

Kwa hiyo kitambaa kile nimekikubali, na hapo naona nimejipinga mwenyewe kwa niliyoyasema mwanzoni. Ukikipata kwa bei nafuu, na una fundi wa kukishona upya, kinunue. Lakini usikinunue kwenye duka lenye feni mezani na kijana asiyeinua macho kwenye simu. Risiti yangu bado ninayo, na shilingi zangu 650 bado nazidai.