Nilitaka triga laini, nikarudishiwa bastola isiyolia

Ndugu zangu mnaopiga shabaha huku Texas, fundi bunduki akikwambia "nitakulainishia triga," muulize kwanza atagusa springi gani. Mimi bado nina hasira, mnivumilie.

Triga ya bastola ya Glock 17 inavyotoka kiwandani mnaijua wenyewe. Ratili 5.5, kama kilo 2.5, na uzito huo mimi sina ugomvi nao sana. Kero yangu ilikuwa ule mkwaruzo kabla ya kufyatuka, kama kuburuta sanduku juu ya mchanga. Nikamwambia fundi waziwazi: ng'arisha vyuma vinavyosuguana, niwekee konekta yenye alama ya kutoa (kile kibati kidogo cha ndani kinachopunguza uzito wa triga kidogo), kingine usiguse. Akaitikia vizuri tu, akachukua na pesa zake.

Nilipoifuata nikaijaribu bila risasi palepale dukani, na lazima niseme haki: ilikuwa tamu. Inavutika bila kukwama, inafyatuka pale unapotaka, ukiachia kidogo inarudi tayari. Nilitoka nikimsifu kwa kila mtu.

Halafu yakaja mashindano. Kengele ikalia, nikachomoa, risasi ya kwanza ikaenda. Ya pili, tik. Nikapiga magazini kitako, nikavuta slaidi, nikaendelea; hazikupita nyingi, tik tena. Risasi ni zilezile ninazotumia siku zote, na bastola ile haikuwahi kunigomea. Nikaokota zilizogoma, nikatazama fataki zake, ule mviringo mdogo wa kitakoni unaogongwa na pini ya bastola ili risasi ilipuke: pini imeziparaza tu, kidoa chepesi, wala hazikubonyea.

Nyumbani nikaifungua. Springi ya pini si yangu! Ya kiwandani ni ratili 5.5, hii, kama alivyokuja kukiri nilipombana, ni ya ratili 4. Na hapo ndipo ujanja wote ulipo. Kwenye Glock pini hukaa imevutwa nusu, na kidole chako kwenye triga ndicho kinachomalizia kuivuta. Ukiweka springi dhaifu, triga inakuwa nyepesi papo hapo na mteja anafurahi. Lakini springi hiyohiyo ndiyo inayoirusha pini ikagonge fataki. Sehemu ya wepesi ule nilioufurahia dukani ilikuwa imekatwa kwenye nguvu ya kulipua risasi.

Nikarudi kwake. Hakuinua hata macho. "Nunua risasi za Federal, fataki zake ni laini." Nikamwambia hii ndiyo bastola ninayolala nayo karibu, mke wangu na watoto wamo ndani, siwezi kuwa na silaha inayochagua risasi. Akajibu, "Mbona wateja wengine hawalalamiki?" Kisha akamgeukia mtu mwingine, mimi nimesimama pale kama sipo.

Kulainisha triga si jambo baya, msinielewe vibaya. Nimenunua springi ya kiwandani nikairudisha mwenyewe, konekta yake nikaiacha, na kule alikong'arisha kaacha kazi safi kabisa. Triga imeongezeka uzito kidogo, mkwaruzo haujarudi, na bastola inalia kila nikiivuta. Kwa kazi ya mkono tu ningempa nyota nne. Labda hata tano, maana mafundi wengi husugua mpaka wakala pembe za chuma na kuharibu usalama wa silaha, na yeye hakufanya hivyo.

Lakini hapana. Nikikumbuka ile tik, halafu nikawaza ingetokea saa nane usiku mtu yuko mlangoni, nyota zote zinaniishia. Mtu aliyebadilisha chuma ndani ya silaha yangu bila kunieleza sirudi kwake, hata kama mikono yake ni ya dhahabu. Nampa moja. Pesa za springi nimemdai, hajalipa, na springi yangu ya asili aliyoitoa hadi leo anayo yeye.