Wiki 8 za "Ningekununulia": Tathmini ya Darasa la Jioni la Kiingereza Nakuru

Nilijiandikisha katika darasa hili kwa sababu ya barua pepe moja. Mimi ni mhudumu wa mapokezi katika nyumba ya wageni hapa Nakuru, na mgeni mmoja aliyekuwa anakuja kutembelea Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru alichelewa kwa siku mbili bila kutuarifu, akakuta chumba chake kimechukuliwa. Nilimwandikia hivi: "If you would have informed us, we would have kept for you the room." Mgeni alielewa, hata akaomba radhi. Ila meneja wangu aliisoma barua hiyo, akaguna, akaniuliza ni nani aliyenifundisha Kiingereza cha namna hiyo. Jibu la kweli, ambalo wakati huo sikulijua, ni kwamba nilifundishwa na Kiswahili.

Kituo chenyewe kiko katikati ya jiji, mwendo mfupi kutoka stendi ya matatu, kwenye ghorofa ya tatu isiyo na lifti. Nililipa shilingi 6,500 kwa wiki 8, jioni mbili kila wiki. Tulikuwa wanafunzi 22 katika chumba cha kutosha watu 15: wauguzi, madereva wa watalii, vijana wanaojiandaa kwenda kusoma Uingereza, na mzee mmoja wa mtaa wa London, namaanisha London yetu ya hapa Nakuru, ambayo mtu huifikia kwa bodaboda.

Kozi inaitwa ya Kiingereza cha kila siku, lakini kiini chake, na sababu ya mimi kuisifu, ni vipindi vitano ambavyo mwalimu aliviweka kwa jambo moja: sentensi za masharti zenye mtu anayetendewa. Kwa istilahi tulizozizoea shuleni, ni hali ya masharti ikikutana na shamirisho kitondo. Mwalimu hakuanza na Kiingereza. Aliandika ubaoni neno moja tu, "ningekununulia", akatuambia tulichanganue. Ni- ni mimi, -nge- ni sharti, -ku- ni wewe unayetendewa, -nunu- ndicho kitendo, -li- ni kauli ya kutendea, na -a ni kiishio. Kisha akasema kwamba Kiingereza hakina neno moja linaloweza kubeba mzigo huo wote, hivyo kila kipande hushushwa na kupewa kiti chake: "I would buy sugar for you", au "I would buy you sugar". Kosa letu ni kwamba tunavishusha vipande vyote lakini tunavipanga kama vilivyopangwa nyumbani, ndipo tunapopata "buy for me sugar" na "open for me the door", sentensi ambazo kila mtu Nakuru huzielewa lakini Mwingereza huzisikia zimepinda. Ukiitumia "for", kitu kitangulie na mtu afuate. Ukimtanguliza mtu, "for" iondoke.

Kipindi kilichofuata ndicho nitakachokikumbuka. Kwa Kiswahili "ningekununulia" hujitosheleza hata kitu kisipotajwa. Dereva mmoja akaifasiri vivyo hivyo: "I would buy you." Mwalimu akamwuliza angemnunua kwa bei gani. Kiingereza hakina ile -li- ya kutendea, kwa hiyo kitu kisipotajwa, mtu aliyekusudiwa kununuliwa sukari ndiye anayegeuka kuwa bidhaa. "I would cook you" nayo ni ningekupika, wala si ningekupikia. Nilipenda kwamba mwalimu hakutuacha tukicheke Kiingereza peke yake. Alituonyesha kwamba nasi tunatembea kwenye ukingo uleule, kwani ni irabu moja tu, ile i ya "ningekupikia", inayomtenga mgeni wa heshima na kitoweo. Kwangu mimi wa mapokezi, mfano wa teksi ulinifaa zaidi: "I would call you a taxi" yaweza kuwa ningekuitia teksi au ningekuita teksi, na Waingereza wenyewe huufanyia mzaha utata huo.

Sharti lenyewe lilitushughulisha kwa muda mrefu zaidi, na ilistahili. Kiswahili hupenda ulinganifu: -nge- huku, -nge- kule, -ngali- huku, -ngali- kule. "Ungalituarifu, tungalikuwekea chumba." Sisi tuliofanya karatasi ya matumizi ya lugha katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, tulikatwa alama kwa kuchanganya viambishi hivyo, kwa hiyo ulinganifu umetuingia damuni. Kiingereza sanifu hakiutaki. "Would" hukaa upande wa matokeo tu, na kitenzi cha upande wa "if" hurudishwa hatua moja nyuma: "If you had informed us, we would have kept the room for you." Hiyo ndiyo barua niliyopaswa kuandika. Lililowatatiza wengi ni kwamba "if I had money" haizungumzii jana. Umbo ni la wakati uliopita, lakini pesa zinazokosekana ni za leo. Mwalimu alieleza kwamba hapo Kiingereza hutumia wakati uliopita kuonyesha kwamba jambo liko mbali na hali halisi, kazi ambayo sisi tumeikabidhi -nge-, nami nikaelewa kwa dakika tano jambo nililolikariri kwenye majedwali kwa miaka mingi.

Kwa sentensi kama "ukimwona, mwambie" hatukuhangaika, maana -ki- haibebi alama ya wakati ujao, na Kiingereza nacho hakitaki "will" mahali hapo: "If you see him, tell him." Kinachosalia ni kuamua kama -ki- yako ni "if" au "when", kwa kuwa Kiswahili hakikulazimishi kuchagua. Mgeni anayeambiwa kaunta kwamba atapewa ufunguo "if you pay" anaweza kudhani uaminifu wake unatiliwa shaka, ilhali aliyesema alikusudia tu kumweleza utaratibu.

Palipolegea ni pale vitenzi vyenyewe vilipohitaji kuzoewa kimoja kimoja. Sisi husema "nieleze", tukazaa "explain me", wakati Kiingereza hudai "explain it to me". "Tell" humpokea mtu moja kwa moja, "say" humkataa. Tena kuna "borrow me your pen", inayosikika kila siku madukani na maofisini, na chanzo chake si kigumu kukiona: kuazima kwetu ni kwa anayetoa na kwa anayepokea, hivyo "niazime kalamu" ni sahihi kabisa, ila Kiingereza kimeligawa jambo hilo mara mbili, "lend" kwa mtoaji na "borrow" kwa mpokeaji. Haya yote yalipitishwa kwa dakika 20 za mwisho wa kipindi kimoja, huku nusu ya darasa ikiwa imeanza kukusanya mikoba iwahi matatu za Lanet.

Kijitabu cha kozi sikukipenda. Kinauzwa shilingi 400 za ziada ambazo hakuna aliyezitaja siku ya kujiandikisha, kurasa zake zimefifia kwa kutolewa nakala juu ya nakala, na mifano yake ni ya mvua ikinyesha na ya mtu angekuwa tajiri, bila mtendewa hata mmoja. Aliyekiandika na aliyetufundisha ni kana kwamba hawajawahi kukutana.

Kasoro kubwa zaidi ni spika. Iliharibika kabla hatujaanza na haikutengenezwa kwa wiki zote 8, kwa hiyo hatukusikia rekodi hata moja ya mazungumzo halisi. Kwa somo jingine ningesamehe, lakini kwa hili hasara ni kubwa, kwa sababu katika mazungumzo "had" na "would" zote mbili hufupishwa zikabaki sauti moja ya d. Katika "If I'd known, I'd have told you", d ya kwanza ni "had" na ya pili ni "would", na sikio lisilozoea haliwezi kuzitofautisha ila kwa kujua kila moja inakaa upande gani wa sentensi. Mwalimu alijitahidi kuisoma mwenyewe, polepole na kwa matamshi safi ya mwalimu. Wageni wangu huimeza.

Kwa anayehudumia watu na ambaye Kiingereza cha shule anacho tayari, karo hiyo ninaiona ya haki kwa ajili ya vile vipindi vitano pekee. Anayeanza kutoka mwanzo atapotea wiki ya pili, kwa kuwa uchambuzi wote huegemea sarufi ya Kiswahili inayodhaniwa anaikumbuka. Darasa jipya hufunguliwa kila baada ya wiki 8, na ada hupokewa kwa M-Pesa kabla ya kipindi cha kwanza. Kabla ya kuituma, panda zile ngazi uombe kuisikia spika ikifanya kazi, na uulize bei ya kijitabu.